Mafunzo binafsi ya hoki Kanada: Anayevuna ni mwenye barafu

BIDHAA tunayoichambua katika ukurasa huu haiuzwi kwa gunia wala kwa tani. Inauzwa kwa saa, na saa ikishapita haiwezi kuwekwa ghalani isubiri bei ipande. Ni nafasi ya mtoto kuteleza juu ya barafu chini ya kocha wa kulipwa. Huko Kanada na Marekani biashara hii ilianza na kambi za likizo za miaka ya 1960, na leo ina shule za bweni, kampuni za uwekezaji, na wazazi ambao wengine hulipa makumi ya elfu ya dola kwa mwaka kwa ajili ya mtoto mmoja.

Msomaji atauliza inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu vituo binafsi vya kukuza vipaji, hasa vya soka, vimekuwa vikifunguliwa Afrika Mashariki, na si ajabu tena mfanyabiashara mwenye mtaji wa kadiri kuombwa aweke fedha zake humo. Soka yetu bado haina hesabu za kutosha za kumwongoza. Hoki ya barafuni ni soko lililokomaa, na kila aina ya mwekezaji ameshalijaribu. Aidha, wapo ndugu zetu walioko Toronto, Ottawa na Minneapolis ambao watoto wao wameupenda mchezo huo na ambao wanaletewa bili hizo nyumbani.

Ieleweke kwamba hoki hii siyo mpira wa magongo unaochezwa City Park, Nairobi. Hii huchezwa na watu sita kila upande, wakiwa wamevaa viatu vyenye makali chini, na badala ya mpira hutumia kisahani cheusi cha mpira mgumu. Kiwanja kamili kinachotumiwa na ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, NHL, kina urefu wa meta 61 na upana wa meta 26. Eneo hilo lote lazima liwe barafu iliyogandishwa kwa mitambo, nyuzi kadhaa chini ya sifuri, mchana na usiku, mtu awepo au asiwepo. Gharama hiyo ndiyo inayoamua nani anapata faida katika biashara hii na nani anaishia kupata sifa tu.

Ilivyoanza

Moja ya shule za kwanza za aina hii ni Okanagan Hockey School, iliyoanzishwa mwaka 1963 katika mji wa Penticton, jimbo la British Columbia. Ilianza kama kambi ya kiangazi. Wakati huo msimu wa mashindano umekwisha, timu zimeondoka na watoto wako likizo, lakini jengo la barafu lipo palepale. Kambi humpatia mwenye kiwanja mpangaji katika miezi ambayo vinginevyo asingekuwa naye, humpatia mchezaji wa kulipwa kibarua cha likizo, na mji nao hupata wageni wa kulala hotelini. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kukodisha ghala tupu baada ya msimu wa korosho anauelewa mpango huo bila kufafanuliwa.

Kambi ya wiki moja ilizaa nyingine, na mwaka 2002 Okanagan ikaanzisha kituo cha mwaka mzima ambako mtoto husoma masomo ya kawaida na kufundishwa hoki kila siku. Baadaye ilivuka bahari na kufungua tawi St. Pölten, Austria. Mwaka 2009 iliundwa ligi maalumu ya shule za aina hiyo Kanada, CSSHL, ili watoto wake wawe na mashindano yao badala ya kutegemea vilabu vya mitaa. Upande wa Marekani, shule ya bweni ya Shattuck-St. Mary's, iliyoko Faribault, Minnesota, ilijipatia jina baada ya kupita hapo wachezaji kama Zach Parise, Jonathan Toews na Sidney Crosby, ambaye alikaa msimu mmoja, 2002/03. Kwa mwenye shule, mwanafunzi mmoja kama Crosby, hata akikaa mwaka mmoja tu, ni tangazo linalodumu miaka ishirini bila kulipiwa.

Kwa hiyo leo mzazi anauziwa bidhaa tatu zenye jina moja. Kuna kambi ya wiki wakati wa likizo. Kuna masomo ya ziada ya jioni au alfajiri, yanayolipiwa kwa saa, ambayo mtoto huyachukua juu ya mazoezi ya klabu yake. Na kuna shule kamili. Tatu hizi zina hesabu tofauti kabisa, na mtu anayekuletea mpango wa biashara akizichanganya katika ukurasa mmoja, mrudishie akaziandike upya.

Bei ya saa moja

Tuanze na hiyo ya kati, masomo ya saa, kwa kuwa ndiyo ambayo kocha asiye na mtaji huanzia. Katika miji mikubwa ya Kanada saa moja ya barafu hukodishwa kwa mamia ya dola, na bei hutofautiana kwa mji, kwa mmiliki, na zaidi ya yote kwa muda. Saa za thamani ni zile za baada ya shule na za mwisho wa wiki. Viwanja vingi ni mali ya halmashauri za miji, ambazo kwa kawaida hugawa saa hizo kwanza kwa vilabu vya watoto vya mitaa. Mjasiriamali binafsi hupewa masazo, yaani alfajiri kabla ya shule, mchana watoto wakiwa darasani, au usiku sana. Tena hiyo inayoitwa saa mara nyingi ni dakika 50. Dakika 10 zinazobaki ni za mashine ya kulainisha barafu, ile aliyoibuni Frank Zamboni kule California mwaka 1949 na ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Tuchukue mfano wa kufikirika, tarakimu zikiwa za kurahisisha hesabu tu. Saa ya barafu dola 300. Makocha watatu kwa dola 50 kila mmoja, 150. Bima, matangazo na mengineyo, 50. Jumla ni dola 500. Kama kila mtoto analipa dola 40, watoto 10 wanaleta 400 na kocha anapata hasara ya 100. Watoto 13 wanarudisha gharama na dola 20 za chai. Watoto 20 wanaleta 800, faida ni 300.

Ni hesabu ya daladala. Gari likiondoka na abiria wanane au ishirini, mafuta ni yaleyale. Tofauti ni kwamba mzazi wa hoki hapendi gari lililojaa. Amelipa ili mwanawe aguswe kisahani mara nyingi na kusahihishwa na kocha, siyo asimame kwenye foleni akisubiri zamu. Basi kocha anavutwa huku na mfuko wake, kule na ahadi aliyoiandika kwenye kipeperushi. Faida yote ya saa imekaa kati ya mtoto wa 13 na mtoto wa 20, na hapohapo ndipo ubora wa mafunzo unapoanza kushuka.

Sasa tazama ikiwa mwenye kiwanja atapandisha kodi kutoka 300 hadi 360. Kocha anahitaji watoto 14 ili asipate hasara, na darasa lake la watoto 20 sasa linaleta faida ya 240 badala ya 300. Kodi imepanda kwa asilimia 20 na faida yake imepungua kwa asilimia 20. Kwa mwenye kiwanja mambo ni kinyume. Majokofu yake yanaunguruma usiku kucha hata kama hakuna mteja, kwa hiyo akiuza saa moja zaidi ya alfajiri gharama inayoongezeka ni ndogo sana. Taa, mfanyakazi mmoja na mashine ya kulainisha, basi. Karibu kodi yote ya saa hiyo ya ziada inabaki kwake.

Zamani kocha alikuwa na mshindani mkubwa, na mshindani huyo alikuwa bure. Wayne Gretzky, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kutokea, alijifunzia kwenye barafu aliyomwagiwa na baba yake nyuma ya nyumba yao huko Brantford, Ontario. Maji ya bomba na baridi ya Januari, gharama yake ilikuwa hiyo. Lakini baridi yenyewe imeanza kutoaminika. Katika majira ya baridi ya 2022/23 Mfereji wa Rideau mjini Ottawa, ambao hugeuzwa uwanja mrefu wa kuteleza, haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uanze kutumika hivyo. Bidhaa ya bure ikiadimika, ya kununua hupata nguvu.

Kugawa kiwanja

Badiliko lililowasaidia sana wenye programu halikuletwa na wafanyabiashara. Mwaka 2009 chama cha hoki cha Marekani, USA Hockey, kilitangaza mpango wake wa malezi ya wachezaji chipukizi, ambao miongoni mwa mambo mengine ulitaka watoto wa miaka 8 kushuka chini wacheze kwa kukatisha upana wa kiwanja badala ya urefu wake wote. Hoja ilikuwa ya kitaalamu. Mtoto mdogo kwenye kiwanja cha mtu mzima hutumia muda wake kukimbiza kisahani asichokifikia. Kanada ilifuata, na kuanzia msimu wa 2017/18 chama chake kikaagiza watoto wa ngazi ya mwanzo kabisa wacheze kwenye nusu kiwanja au kwa kukatisha.

Wazazi wengine walipinga, wakisema watoto wao wanachezeshwa mchezo wa kitoto. Wao ni watoto, lakini tuache hayo. Kibiashara, barafu ileile ambayo ilikuwa inabeba timu moja sasa inabeba vikundi vinne hadi sita, kila kimoja na zoezi lake, na hakuna anayesimama foleni. Rudi kwenye mfano wetu. Weka watoto 40 kwa dola 25, ongeza makocha watatu wengine, jumla ya gharama 650, mapato 1,000. Mzazi amepunguziwa bei, mtoto anagusa kisahani zaidi, na faida imepanda hadi 350. Ni nadra katika biashara kuona mabadiliko ya kanuni yanayomnufaisha muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, ndiyo maana tumeyapa nafasi.

Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea njia hiyo haifai sana, kwani wanahitaji kasi na kasi inahitaji nafasi. Hapo programu nyingi hutoka nje ya barafu kabisa. Hufanya mazoezi ya viungo kwenye ukumbi wa kawaida, au kupiga kisahani kwenye sakafu ya plastiki inayoiga barafu. Kodi ya ukumbi wa kawaida ni ndogo mno ikilinganishwa na ya barafu, lakini ada ya mzazi haishuki kwa kiasi hichohicho. Mwekezaji akitaka kujua faida ya kituo inatoka wapi, aulize ni saa ngapi kati ya zile zinazotangazwa ziko juu ya barafu.

Fedha kubwa zilikokwenda

Njia nzuri ya kuijua biashara ni kuangalia wenye fedha nyingi wamenunua nini. Kampuni ya Canlan ya Kanada, ambayo kwa miaka mingi hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Toronto kwa alama ya ICE, yaani barafu, haikujengwa juu ya jina la kocha yeyote. Ilijengwa juu ya majengo, kikiwemo kituo cha Burnaby kinachojulikana kwa kuwa na viwanja vinane chini ya paa moja. Black Bear Sports Group ya Marekani, iliyoanzishwa 2015, nayo ilienda ikinunua viwanja katika majimbo mbalimbali hadi kupita 40. Baada ya kuwa na kiwanja, kampuni huweza kuendesha vilabu vyake, ligi zake, kambi zake na duka lake la viatu humo ndani, na kocha wa kujitegemea anabaki kuwa mpangaji wa mshindani wake. Wazazi wengi hawaipendi hali hiyo na wanasema bei zinapanda. Wana haki ya kusema, ila mwenye mali hana haraka ya kuwasikiliza, maana kiwanja kingine kinaweza kuwa umbali wa saa nzima kwa gari.

Hata hivyo mtu asikimbilie kudhani kwamba kununua kiwanja ni kununua kisima cha fedha. Majengo mengi ya barafu Kanada yalijengwa kuzunguka mwaka 1967, nchi hiyo ilipotimiza miaka 100, na yamezeeka pamoja na mitambo yake. Mitambo hiyo mingi hutumia amonia, gesi inayoua. Mwezi Oktoba 2017 amonia ilivuja katika kiwanja cha mji wa Fernie, British Columbia, na watu watatu waliokuwa kazini walikufa. Mnunuzi wa kiwanja kikuukuu ananunua pamoja na deni la matengenezo ambalo halimo kwenye vitabu vya muuzaji, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini baadhi ya halmashauri huwa tayari kuviuza kwa bei inayoonekana kama ya kutupa.

Mzazi ananunua nini hasa

Hapa ndipo penye utata wa biashara yote. Kipeperushi cha programu kina picha ya kijana aliyefika NHL. Mshahara wa chini kabisa katika ligi hiyo kuanzia msimu wa 2023/24 hadi 2025/26 ulikuwa dola 775,000 za Kimarekani kwa mwaka. Baba akiiona picha hiyo na tarakimu hiyo, ada ya dola 40 kwa saa inaonekana kama mbegu.

Jim Parcels, aliyefanya kazi ndani ya hoki ya vijana huko Ontario, aliwafuatilia watoto wa jimbo hilo waliozaliwa mwaka 1975 na kucheza hoki ya vilabu. Walikuwa karibu 30,000. Kati yao 232 walichaguliwa na timu za ligi kuu ya vijana ya Ontario, na 105 ndio waliocheza humo hata mchezo mmoja. Waliochaguliwa na timu za NHL ni 48. Waliocheza NHL angalau mchezo mmoja ni 32. Waliodumu zaidi ya msimu mmoja ni 15, yaani mmoja katika kila 2,000. Baadaye, mwaka 2013, Parcels alishirikiana na mwandishi Ken Campbell kutoa kitabu kizima juu ya jinsi wazazi wanavyouziwa ndoto hiyo. Tangu watoto hao wachezwe hesabu, ushindani umeongezeka. NHL ina timu 32, na katika uchaguzi wa kila mwaka wa chipukizi huchaguliwa vijana 224 tu kutoka dunia nzima, Warusi, Waswidi, Wafini na Wacheki wakiwemo.

Weka hesabu ya mzazi upande wa pili. Saa mbili kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, dola 40 kwa saa, ni dola 3,200 kwa mwaka. Kuanzia miaka 8 hadi 17 ni miaka kumi, dola 32,000, bila kuhesabu vifaa, safari na ada ya klabu yenyewe. Fedha hizo zikiwekwa kila mwisho wa mwaka kwa riba ya asilimia 4 zingefikia zaidi ya dola 38,000. Hiyo ni bei ya masomo ya saa. Anayempeleka mwanawe kwenye shule kamili anaweza kutumia kiasi hicho kwa mwaka mmoja au miwili.

Kama NHL ndiyo bidhaa, basi hii ni bahati nasibu, na tiketi yake ni ghali. Lakini watu wengi wenye akili timamu wanaendelea kulipa, na mchambuzi akiishia kuwaita wajinga hajafanya kazi yake. Wananunua vitu vingine. Kimojawapo kinatokana na kalenda. Watoto hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia Januari mosi. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba katika hoki ya ngazi za juu waliozaliwa Januari, Februari na Machi ni wengi mno kuliko wa miezi ya mwisho wa mwaka. Mtoto wa Januari akiwa na miaka 9 anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua. Anaonekana ana kipaji, anachaguliwa timu ya kwanza, anapewa kocha bora na saa nyingi zaidi za barafu, na mwishowe kweli anakuwa bora. Mzazi wa mtoto wa Novemba analipia masomo binafsi ili kumpa mwanawe zile saa ambazo klabu imempa mwenzake. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo hitaji halali kuliko yote katika soko hili, na programu inayojitangaza kwa wazazi hao inauza kitu inachoweza kukikabidhi.

Cha pili ni elimu. Kwa muda mrefu kijana akifika miaka 16 alilazimika kuchagua. Ama aingie ligi kubwa za vijana za Kanada, zinazounganishwa na CHL, ama asubiri nafasi ya chuo kikuu Marekani, kwa kuwa mchezo mmoja tu wa CHL ulimwondolea sifa ya kuchezea chuo. Novemba 2024 wasimamizi wa michezo ya vyuo, NCAA, waliiondoa kanuni hiyo, na kuanzia Agosti mosi 2025 kijana anaweza kupita CHL kisha akaenda chuo. Matokeo yake kwa soko yana pande mbili. Njia zimeongezeka, kwa hiyo ahadi ya programu ina thamani zaidi. Lakini nafasi za vyuo hazikuongezeka, ila wanaozigombea wameongezeka, na sasa ni vijana wa miaka 20 waliokomaa. Anayeahidiwa leo kwamba mwanawe wa miaka 12 atapata ufadhili wa chuo anaahidiwa jambo ambalo bei yake imebadilika jana tu.

Cha tatu ni wasichana. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilicheza mchezo wake wa kwanza Januari mosi 2024, na ilipofika msimu wa 2025/26 ilikuwa imefikisha timu nane. Mishahara haikaribii ya wanaume. Mkataba wa ligi uliweka kima cha chini cha dola 35,000. Hata hivyo programu za wasichana ni uwanja ambao washindani bado ni wachache, na muda wa barafu wa mchana ambao shule za kawaida haziutaki unaweza kuuzwa kwa vituo vyao.

Kocha na daftari lake

Mtaji mkubwa wa programu nyingi ni mtu mmoja. Aliwahi kucheza, watoto wanampenda, wazazi wana namba yake ya simu. Asubuhi moja anaweza kuondoka na daftari la wateja na kuanza upya kwenye kiwanja cha jirani, na mwekezaji aliyebaki anamiliki mifuko ya koni na fulana zenye nembo. Kabla ya kuweka fedha, uliza mambo mawili. Mkataba wa saa za barafu umeandikwa kwa jina la nani, la kampuni au la kocha? Na ni wa muda gani? Programu yenye mkataba wa miaka mitano wa saa za jioni ina mali. Yenye kocha maarufu anayekodi wiki hadi wiki haina mali, hata akaunti yake ikiwa imejaa.

Na huweza kweli kuwa imejaa, katika miezi fulani. Ada za kambi za kiangazi hulipwa miezi kadhaa kabla, wakati gharama zake hazijaingia. Mwezi Machi kocha anajiona tajiri. Fedha hizo ni deni la saa ambazo hajazitoa, na anayezitumia kulipia madeni ya msimu uliopita anaendesha upatu. Programu ikifungwa katikati, mzazi aliyelipa mapema anasimama mwisho wa foleni ya wadai, nyuma ya benki na mwenye kiwanja.

Mfano wa Nairobi

Afrika Mashariki ina jambo lake katika habari hii. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha barafu. Ni kidogo sana kuliko kiwanja kamili na kilikusudiwa kwa watu wa kutembea na familia zao, lakini kikazaa timu ya hoki, Kenya Ice Lions, ambayo wachezaji wake hufundisha pia watoto. Mwaka 2018 kampuni ya migahawa ya Tim Hortons iliwachukua hadi Kanada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na picha zao zikazunguka dunia nzima.

Tangazo kubwa kuliko hilo halipo. Halikutosha. Janga la Uviko-19 lilipokuja mwaka 2020 kiwanja kilifungwa, na timu iliyokuwa imejulikana hadi Toronto haikuwa na mahali pa kutelezea. Walihamia kwenye viatu vya magurudumu na sakafu ngumu. Kiwanja kilipofunguliwa tena walirudi, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Makocha wapo, watoto wapo, jina lipo. Barafu bado ni ya hoteli, ambayo ina wageni wake wa Jumapili wanaolipa kwa kichwa, na kila saa inayopewa watoto wa hoki ni saa ambayo wageni hao hawakuuziwa.